Kyutiko inakatwa au inasukumwa tu? Nipo kwenye mafunzo ya kucha na nipa naiogopa

binti_wa_kucha:

Habari zenu wadau. Nasoma kozi fupi ya kucha hapa Dar, ni chuo cha mtu binafsi, tumeshaanza kugusa mikono ya watu kabisa ila kuna kitu kinanichanganya na darasani naona aibu kuuliza. Tunafundishwa kwamba mteja unamlowekea vidole kwenye bakuli la maji ya moto na sabuni, unasukuma kyutiko, yaani ile ngozi ya pale kucha inapoanzia, na pusha ya chuma (kile kijiti bapa), halafu unapita na nipa, kile kikoleo kidogo cha kukatia ngozi, kuzunguka kucha nzima mpaka itoke ngozi kwa mstari mmoja mrefu, na ukiitoa bila kukatika darasa zima linakushangilia. Sasa mimi nikiiangalia ile ngozi kwenye tishu naona sehemu nyingine ni kavu nyeupe sawa, lakini nyingine ni laini ina rangi yake kabisa ya mwili, na huyo mteja unamwona anakunja uso anavuta kidole kidogo kidogo. Mwenzangu alimtoa mtu damu juzi akaambiwa weka spiriti endelea, rangi ikapakwa hapo hapo juu.

Naomba mwenye uzoefu aniambie ni nini hasa kinatakiwa kutoka na nini kinabaki, maana wateja wa Bongo nao ukisukuma tu wanakwambia dada mbona hujafanya kitu. Halafu nipa ni mbili tu darasa zima, zinafutwa na pamba yenye spiriti zinaenda kwa mwingine, hii imekaaje?

---

FundiSinza:

Mdogo wangu, swali lako mafundi wengi wa mjini hapa wanafungua saluni bila kuwahi kujiuliza, kwa hiyo usione aibu.

Pale chini kucha inapoanzia kuna vitu viwili vinavyoonekana kama kimoja. Cha kwanza ni utando mwembamba uliokufa, umegandia juu ya kucha yenyewe, kucha ikikua unatembea nayo. Huo hauumi, hauna damu, ukiukwangua kidogo unatoka kama vumbi la unga mweupe. Ndio wa kutoa, na ni huo tu. Cha pili ni ule mkunjo wa ngozi hai unaoizunguka kucha, ule ukingo wake umebana kwenye kucha kama mpira wa mlango wa friji, kazi yake ni kuzuia maji na vijidudu visiingie kule ndani kucha inakotengenezwa. Ule mstari mrefu mnaoushangilia darasani, sehemu kubwa yake ni huo mpira. Mnautoa kisha mnamrudisha mtu nyumbani akaoshe vyombo.

Mimi kulowekea kwenye maji nilishaacha. Kucha inanyonya maji inatanuka, unapaka rangi ya jeli juu yake, ikikauka inarudi saizi yake na jeli inaanza kunyanyuka pembeni, mteja anarudi anasema rangi yako feki. Lakini kubwa zaidi kwa swali lako ni kwamba ngozi ikishalowa yote inakuwa nyeupe na laini, iliyokufa na iliyo hai huwezi kuzitofautisha, hapo nipa inakata chochote inachokutana nacho. Mkono mkavu unakuonyesha mpaka.

Ninavyofanya: mteja ananawa kwa sabuni, mimi pia nanawa, nakausha. Naweka kyutiko rimuva, dawa ya kulainisha huo utando, tone dogo pale kwenye kona ya chini, kwenye kucha, sio kumwaga kidole kizima. Soma nyuma ya chupa, nyingi zina potasiamu haidroksaidi au sodiamu haidroksaidi, hiyo ya pili ndio kostiki soda ile ile wanayopikia sabuni, imepunguzwa makali tu. Kwa hiyo ni dakika moja, mbili kwa wingi, kulingana na maelezo ya chupa, na unakaa hapo hapo, hakuna kupokea simu dawa ikiwa kidoleni. Ukiiacha muda mrefu inaanza kulainisha na ngozi hai. Kwenye ngozi iliyochanika haiwekwi kabisa.

Halafu pusha. Ilaze, karibu ilale juu ya kucha, mkono mwepesi kabisa, unapita kwa miduara midogo kutoka katikati kwenda pembeni. Unakwangua kucha, husukumi ngozi. Hii tofauti ikikuingia umemaliza nusu ya kozi. Watu wanasimamisha pusha wima wanakandamiza kwa nguvu pale kwenye mzizi, na kucha changa iko hapo chini ya ngozi bado ni laini. Ukiiminya leo huoni kitu. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mabonde yanajitokeza wiki kadhaa baadaye na kwenda mpaka ncha ni karibu miezi 6, mteja anadhani ana upungufu wa kalsiamu kumbe ni pusha ya fundi. Ndio maana siku hizi nikiona mabonde yamelala upande kwenye vidole vyote naulizaga kwanza mara ya mwisho ulitengenezwa wapi. Kidole gumba peke yake kikiwa na mawimbi mengi katikati, hapo uliza kama ana tabia ya kujichokonoa na kidole kingine, wengi wanayo na hawajijui.

Baada ya hapo ananawa tena kwa sabuni, dawa itoke yote. Ikibaki itamuwasha, na besi koti, lile tabaka la kwanza chini ya rangi, haitashika.

Nipa inakuja mwisho na mara nyingine haiji kabisa. Ni kwa ajili ya vile vinyama vilivyochomoza pembeni na kipande kilichokwisha kuachia chenyewe. Unabana, unakata, unafungua ndipo unaondoa. Ukivuta kabla haijakatika inachana mpaka kwenye nyama, na hapo ndipo damu nyingi za saluni zinapotoka, sio kwenye kukata.

---

nesi_wa_zamu:

Nafuatilia uzi huu kwa sababu hivi vidole tunavipokea sisi. Mtu ametengeneza kucha Ijumaa, Jumatatu au Jumanne kidole kinapwita, kimevimba pembeni ya kucha, kina joto, wengine usaha unaonekana kabisa. Mtaani wanasema mdudu wa kidole. Mara nyingi ni bakteria wale wale wanaokaa kwenye ngozi zetu kila siku, wamepata mlango tu. Na kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri uone wekundu ndio ujue kuna shida, wakati mwingine hauonekani, angalia ngozi kung'aa na kukaza, gusa usikie joto, linganisha na kidole cha jirani. Mteja akija na kidole cha hivyo hakitengenezwi, anaelekezwa hospitali, hata kama ana harusi kesho.

Kuna wengine shida yao ni ya muda mrefu, mama lishe, wauza samaki, wanaofua nguo za watu, mikono haitoki kwenye maji. Ukiangalia kwa karibu unakuta ule mkunjo wa ngozi umevimba umejiviringa na umeachana na kucha, kuna kijinafasi pale hata ncha ya kijiti inaingia. Wanakuja kwenu wanaomba usafishe ndani ya hicho kijinafasi. Usiingize kitu. Huyo anahitaji mkono ukae mkavu, glovu akiwa kazini na ndani yake glovu ya pamba akiweza, na aonwe na daktari.

Mwenye kisukari, nipa na drili (ile mashine ya kusagia kucha) weka mbali, muulize kabla hujaanza. Vidonda vyao vinachelewa kupona, na wengine ganzi imeshaanza kwenye vidole, hawezi hata kukwambia unamuumiza. Swali la "una kisukari, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi?" ulizoee kama unavyozoea kuuliza anataka rangi gani.

Sasa hizo nipa mbili. Hapana, haijakaa sawa hata kidogo. Kufuta na pamba ya spiriti hakuondoi damu iliyoingia kwenye bawaba ya nipa. Wengi wanaogopa Ukimwi peke yake, mimi nakwambia ogopa homa ya ini B zaidi, kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili kwenye kitu kilichokauka siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza, na damu yenyewe inaweza kuwa kidogo hata jicho lisione.

Utaratibu uko hivi: kwanza unaosha kwa maji, sabuni na brashi, nipa ikiwa imefunguliwa, kwa sababu hakuna dawa inayopenya uchafu. Unasuuza, unakausha. Ndipo unazamisha nzima, sio ncha tu, kwenye dawa ya kuua vijidudu ya vifaa, ile ya buluu ya saluni Barbicide ni dakika 10, nyingine fuata lebo yake. Hiyo ni kwa kiwango cha chini. Chombo kinachoweza kutoa damu, kama nipa, inavyotakiwa hasa ni otoklevu, mashine ya mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 na zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache, kikiwa ndani ya mfuko wake. Jik inaua ndio, ila inakula chuma, baada ya muda mfupi nipa ina kutu na kutu ni makazi mengine ya uchafu. Kile kiboksi chenye taa ya zambarau kinachouzwa kama sterilaiza, mwanga unafika pale unapopiga tu, chini na kwenye bawaba ni giza, tumia kuhifadhia. Na kupitisha nipa kwenye kiberiti ni kuipaka masizi.

Vijiti vya mbao, faili za karatasi, bafa: mteja mmoja, anaondoka nazo au zinatupwa. Mbao huwezi kuisafisha.

Na wewe mwenyewe binti nenda kachanje homa ya ini B. Ni dozi tatu, zinasambazwa ndani ya miezi kama 6. Unashika damu za watu.

---

MkaliWaJeli:

Mnamtisha mtoto wa watu. Mimi nakata miaka yote, nina wateja wa maana Mikocheni huko na Masaki, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Soko linataka kazi ya Kirusi, ile ngozi inaingia ndani kabisa rangi inapakwa mpaka chini, picha ikienda Instagram unapata wateja. Akisukuma na kijiti tu atakufa njaa. Tuambiane ukweli.

---

FundiSinza:

@MkaliWaJeli aliyepata mdudu wa kidole harudi kwako kulalamika kaka, anaenda duka la dawa, halafu anahamia kwa fundi mwingine na wewe unabaki unajua huna kesi.

Hiyo ya Kirusi siikatai ikifanywa na aliyeisomea. Lakini ni kazi kavu, haina bakuli, inafanywa na drili yenye biti (kichwa cha kusagia) laini na mkasi mdogo, na wanaoifanya vizuri wana otoklevu mezani, kila mteja anafunguliwa mfuko mbele ya macho yake. Hapa mtu ameangalia video anachukua matokeo ya mwisho peke yake, vifaa na muda wa kujifunza anaviruka. Na ngozi hai ukishaizoesha kukatwa inarudi ngumu, inachanika chanika, baada ya siku chache mteja ana vinyama kila kona, analazimika kuja ukate tena. Ukiita hiyo biashara sawa, mimi naona ni kumuuzia mtu ugonjwa kisha kumuuzia na dawa. American Academy of Dermatology, madaktari wa ngozi wa Marekani hao, wanashauri kyutiko isikatwe kabisa.

Na kazi safi inawezekana bila hiyo. Huo utando ukitoka wote hasa kwenye zile kona mbili za pembeni, kucha inaonekana ndefu na rangi inafika chini vizuri. Wengi wanakata mbele kwa sababu hawakukwangua kona.

---

dada_Likoni:

Salamu kutoka Mombasa. Niongezee hapo kwa mashine maana naona mmeigusia tu na huyu binti ataishika siku moja.

Drili ya kucha si mbaya, mbaya ni mkono. Kwa kucha ya asili tunafundishwa spidi ibaki chini, kama mizunguko elfu tano hadi elfu kumi hivi kwa dakika, si ile ya kutoa kucha za bandia za akriliki. Biti angalia pete yake ya rangi, nyekundu ni laini, njano ni laini zaidi, buluu ni ya wastani na kijani ni kali, hiyo kijani isikaribie ngozi ya mtu. Anza na ile yenye umbo la mwali wa mshumaa, ilaze sambamba na kucha, usiichomeke ncha, na usisimame mahali pamoja hata sekunde, iwe yatembea. Ukiinamisha ncha utamchora mstari mwekundu wa nusu duara pale chini, huo ni mfereji ushachimbwa kwenye kucha na kucha ni nyembamba. Mteja akisema moto, huyo hajidekezi, ni moto kweli, inua mkono. Hizo biti pia zaoshwa kwa brashi na kuzamishwa kama alivyosema nesi, watu huzipuliza kwa mdomo wakaendelea, yuck.

Jambo lingine la huku kwetu pwani sijui kama Dar mwalipata: maharusi. Bi harusi aja asubuhi kutolewa kyutiko, jioni apakwa hina na piko. Hina ya majani tu haina neno sana lakini piko ni ile rangi nyeusi ya nywele, kemikali yake ni kali na watu wengi yawadhuru hata kwenye ngozi nzima, sembuse iliyokatwakatwa kuzunguka kucha. Nimeona vidole vimefura malengelenge siku ya mtu kutolewa nje. Mimi bi harusi namwambia aje siku mbili tatu kabla, na nipa siitoi kwenye mfuko, namkwangua utando, mafuta, basi. Mama yake akinuna na anune.

---

binti_wa_kucha:

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo nimejaribu kwenye mkono wangu wa kushoto bila kulowekea na kweli ule unga mweupe umetoka, sikujua kabisa kama ulikuwepo, na ngozi nimeiacha. Maswali mawili ya mwisho. Ikitokea nimemkata mtu, nafanyaje hatua kwa hatua? Na mteja anayesema "toa yote" namjibu nini bila kumkwaza, maana wengine ni watu wazima kuliko mama yangu?

---

nesi_wa_zamu:

Umemkata: simama, nipa weka pembeni kwenye chombo chake, hairudi kwa mtu mwingine mpaka isafishwe. Glovu. Kidole kioshwe na maji yanayotiririka na sabuni, kisha bana na gozi safi mpaka damu ikate, huwa haichukui muda. Antiseptiki, plasta. Kidole hicho hakipakwi rangi wala jeli siku hiyo, vingine malizia. Mwambie ukweli kwamba umemkata na dalili za kurudi nazo hospitali, maumivu ya kupwita, uvimbe, usaha. Lile jiwe la shabu la vinyozi usimguse nalo, limepita kwenye damu za watu wangapi.

Ukijikata wewe na chombo chenye damu ya mteja, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga za VVU zinatakiwa zianze haraka, mwisho saa 72.

---

FundiSinza:

Kwa mteja, usibishane naye kwa maneno. Mshike kidole, mwambie "mama, shikamoo, naomba nikuonyeshe hiki kimoja kwanza kisha utaniambia". Kwangua kidole kimoja vizuri na kona zake, paka mafuta, mwekee karibu na kile ambacho hujagusa. Wengi wanasema haya endelea. Anayeng'ang'ania bado, "mama hapo ni nyama, itakuuma ukishika ndimu", huwa inatosha, kila mtu anaijua ndimu kwenye kidonda. Wachache wataondoka, waache.

Mafuta usimuuzie ya bei kubwa, ya nazi au ya mlozi yanafanya kazi, jojoba ukipata ni nzuri zaidi. Apake kila usiku pale chini ya kucha na asugue kidogo. Mteja anayepaka mafuta wiki mbili, ukimpata tena utando wake unatoka wenyewe karibu bila pusha, na hapo hata wewe kazi inakuwa fupi.

Ya chuoni: nunua nipa yako, na brashi na kontena lenye mfuniko, uiweke kwenye begi lako. Mwalimu akiuliza mwambie ngozi yako ina aleji na spiriti lao, usigombane naye kabla hujapewa cheti.

---

MkaliWaJeli:

@dada_Likoni hiyo biti ya pete njano huku Kariakoo naipata wapi, nilizonazo zote ni buluu na kijani.

---

dada_Likoni:

Ulizia kwenye maduka ya jumla ya vifaa vya saluni, usinunue pakiti ile ya biti thelathini kwa bei ya soda, hizo huwa zapinda na zikizunguka zatetema. Nunua moja moja. Na kabla ya kuipeleka kwa mteja iwashe uiangalie ikizunguka: ncha ikionekana kama mbili, itupe.